Liganga: tunajua uzito wa jiwe, hatujabishania tanuru

Mvua ikikatika Moshi, pita kwenye mtaro wa barabara yoyote inayoshuka kutoka mlimani. Pembeni utakuta ukanda wa mchanga mweusi unaometa, umejitenga na ule wa kahawia kana kwamba kuna mtu ameupepeta. Wiki iliyopita mtoto wa fundi geti mmoja wa Majengo alikuwa amechuchumaa hapo na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Kila akiipitisha, punje nyeusi ziliruka na kusimama wima kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Baba yake, ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka kuvutana na muuza nondo juu ya bei, alisema bila kuinua uso kwenye kazi yake: "Chuma tunakikanyaga, kule Liganga wamekikalia, na mimi nanunua cha kutoka nje."

Nusu ya nchi inasema hivyohivyo, na si maneno ya mjinga. Liganga iko wilayani Ludewa, mkoani Njombe, kwenye milima inayoelekea Ziwa Nyasa, na mashapo yake yaliyothibitishwa ni tani milioni 126. Wilaya hiyohiyo ina makaa ya mawe ya Mchuchuma, tani milioni 428. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China: Wachina asilimia 80, sisi 20, uwekezaji wa takriban dola bilioni 3. Mpango ulikuwa kuchimba tani milioni 2.9 za mawe kwa mwaka na kupata tani milioni 1 ya chuma, huku makaa yakizalisha megawati 600 za umeme. Piga hesabu: kwa mwendo huo jiwe lingetosha miaka arobaini na kitu. Tangu sahihi zile zitiwe, mtoto aliyezaliwa siku hiyo ameshaota ndevu, na tanuru hakuna.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kundi moja linasema tuchimbe sasa, hata kama ni kwa kuuza mawe yenyewe. Jingine linasema tungoje mpaka mkataba uwe wa haki na kila kilichomo kwenye jiwe kihesabiwe. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na kinachonishangaza ni kwamba wote wawili wanaliongelea jiwe la Liganga kama jiwe la kawaida la chuma. Silo.

Migodi mikubwa ya chuma duniani, kama ya Pilbara kule Australia, inachimba hematiti, madini mekundu yaliyozaliwa kwenye matope ya bahari za kale na baadaye kusafishwa na maji na muda. Chuma chake ni asilimia 60 na zaidi. Cha Liganga kimezaliwa kwenye moto. Kiko ndani ya miamba ya ukanda wa Ubendi, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2, kwenye mwamba mweupe-kijivu uitwao anothositi. Magma ilipokuwa ikipoa taratibu chini ya ardhi, madini mepesi yalijikusanya kivyake na yale mazito yenye chuma yakatuama kivyake, mithili ya pumba na mchele kwenye ungo. Mazito hayo ndiyo magnetaiti, madini ambayo sumaku ya yule mtoto inayapenda. Lakini magnetaiti ya aina hii haikutuama peke yake, ilibeba titaniamu na vanadiamu. Jiwe la Liganga lina chuma kwa karibu nusu ya uzito wake, oksaidi ya titaniamu karibu asilimia 13, na vanadiamu chini ya asilimia 1.

Mtu akisoma orodha hiyo anaona utajiri mara tatu. Titaniamu inaingia kwenye rangi nyeupe za nyumba na kwenye vyuma vya ndege. Vanadiamu kidogo tu ikichanganywa na chuma hukifanya kiwe kigumu maradufu, ndiyo maana sehemu kubwa ya vanadiamu ya dunia inaishia viwanda vya chuma. Mwenye tanuru akiisoma orodha ileile anakunja uso.

Tanuru la kawaida la chuma, lile refu linalolishwa makaa maalumu na kupulizwa hewa ya moto, halipatani na titaniamu. Ndani ya joto lile titaniamu hushikana na kaboni na naitrojeni, na vinavyozaliwa huyeyuka kwenye nyuzi karibu 3,000 za Selsiasi, joto ambalo tanuru hilo halifiki. Kwa hiyo haviyeyuki. Vinaelea kama vijiwe ndani ya mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka unaojitenga na chuma, mavi yanakuwa mazito kama ugali uliozidi unga, na siku moja mlango wa kutolea unaziba. Kutenganisha titaniamu mapema kwa kusaga jiwe na kupitisha sumaku kunasaidia kidogo tu, kwa sababu sehemu yake imo ndani kabisa ya punje za magnetaiti, si pembeni yake.

Nilimweleza fundi hayo. Akaniuliza kama na mchanga wa mtaroni una titaniamu. Unayo, kwa sababu nao ulitapikwa na volkano na magnetaiti yake ni ya ukoo huohuo. Akamwambia mtoto aurudishe.

Historia ya utafutaji wa Liganga inasaidia kuona tulikwama wapi. Kabla ya Wazungu, Wapangwa wa milima ile waliyeyusha chuma wenyewe, kama Wafipa wa upande wa Rukwa. Wageni wa mwanzo walivutwa zaidi na makaa: Mjerumani Bornhardt alizunguka kusini miaka ya 1890 akichora miamba, na Mwingereza Stockley wa idara ya jiolojia ya Tanganyika akaipima miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiokota njiani mifupa ya watambaazi wa kale ambayo bado inawashughulisha wasomi. Baada ya vita ya pili shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza lilituma watu kuchunguza makaa na chuma cha eneo hilo. Kati ya 1977 na 1980 ndege zilirushwa karibu nchi nzima kupima usumaku wa ardhi. Kisha zikaja awamu za uchorongaji, ule wa kutoboa mwamba na kutoa vipande virefu vya mviringo vinavyopangwa kwenye masanduku kama mishumaa. Hapo ndipo tarakimu ya tani milioni 126 ilipotoka.

Kila chombo katika safari hiyo kilijibu swali lake. Sumaku ya ndege inakwambia magnetaiti iko wapi, haikwambii kama ina titaniamu. Mashine ya kuchoronga inakwambia ziko tani ngapi na asilimia ngapi, haikwambii jiwe litafanya nini ndani ya moto. Hilo linajibiwa na tanuru peke yake, tanuru dogo la majaribio linalolishwa tani kadhaa za jiwe lenyewe na makaa yenyewe. Mjadala wetu wa hadharani umeganda kwenye swali la pili. Kila waziri anakuja na zile tani, kila mchangiaji bungeni anazizidisha kwa bei ya soko, na tunatoka hapo tukiwa matajiri wa kwenye kikokotoo.

Basi tuwasikilize wa kuchimba sasa. Hoja yao yenye nguvu haihusu umaskini bali muda. Mradi uliandikwa ukiegemea kituo cha umeme wa makaa, na Septemba 2021 rais wa China alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga vituo vipya vya makaa nje. Anayefikiri milango mingine itabaki wazi mpaka tumalize kutafakari anajidanganya. Hoja yao ya pili naiona kila wiki hapa mjini: viwanda vyetu vya nondo vinaishi kwa chuma chakavu na malighafi ya kuagiza. Chuma chakavu kina njaa isiyoshiba, ndiyo maana mifuniko ya mitaro inatoweka usiku na vyuma vya kingo za barabara vinafunguliwa nati moja moja. Hata kiwanda cha mashine cha Kilimanjaro kule Hai, ambacho ni cha NDC hiyohiyo, kinu chake cha kuyeyushia kinategemea mabaki.

Lakini wanapofika kwenye kuuza mawe ghafi, nawaacha. Tazama Simandou, Guinea, mlima mwingine wa chuma uliokuwa mbali na kila kitu. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ilipata leseni mwaka 1997, na mzigo wa kwanza umeondoka mwishoni mwa 2025, baada ya kujengwa reli ya zaidi ya kilomita 600. Reli ile ililipika kwa sababu jiwe lina chuma cha asilimia 65 hivi na liko kwa mabilioni ya tani. Liganga ina milioni 126, nusu yake si chuma, na hadi bandari ya Mtwara reli ingekuwa ya kilomita kama 1,000. Nani atalipia nauli ya titaniamu ambayo tanuru lake haliitaki? Sisi wa kaskazini tumezoea tanzanaiti ya Mirerani, ambayo mtu alikuwa akiificha mfukoni na kwenda kuiuza kwingine, na nadhani mazoea hayo yanatupotosha tunapofikiria chuma. Kito kinathaminiwa kwa gramu. Chuma kinauzwa kwa meli.

Wa kungoja nao wana la maana. Wanasema asilimia 20 ilikuwa ndogo, vivutio vya kodi vilivyoombwa vilikuwa vizito, na kwamba ukitia sahihi ya "chuma" bila kuandika titaniamu na vanadiamu umegawa vitu viwili bure. Sheria za rasilimali za 2017, zinazoruhusu Bunge kupitia upya mikataba ya madini, ziliwapa nguvu. Ninakubaliana nao kuhusu mkataba kwa karibu kila nukta. Nisichokubali ni ile imani ya chinichini kwamba jiwe likikaa linapanda thamani. Vanadiamu ilipaa mwaka 2018 ikaanguka muda mfupi baadaye. Highveld, kiwanda cha Afrika Kusini kilichofanya kazi miongo kadhaa na jiwe la aina ya Liganga, kilifilisika 2015. Kuwa na vanadiamu ndani ya jiwe hakukukiokoa.

Highveld ninamtaja pia kwa sababu nyingine. Waliweza. Walipasha jiwe kwanza na makaa ya kawaida kwenye pipa kubwa linalozunguka, likiwa bado gumu, oksijeni ikatoka, ndipo wakaliyeyusha kwenye tanuru la umeme. New Zealand wanafanya hivyohivyo na mchanga mweusi wa pwani yao, ndugu wa huu wa mtaroni kwetu. Na Panzhihua, mji wa chuma uliojengwa milimani Sichuan, ulitoa chuma chake cha kwanza mwaka 1970 kutoka jiwe la titaniamu baada ya wataalamu wao kuhangaika miaka na mavi yanayoziba. Kampuni tuliyoingia nayo ubia inatoka jimbo hilohilo. Inawezekana kabisa tulimpata mshirika anayelijua jiwe, tukatumia muda wote kubishana naye juu ya kodi.

Hata wazee wetu wangelielewa pipa la Highveld. Washana wa Ugweno kule Upare, ukoo wa wahunzi ambao chuma chao kilipanda mpaka kwa wafua mikuki wa Uchaggani, walikipata kutoka mchanga mweusi wa mitoni. Katika vinu vya udongo vya wakati ule chuma hakikuyeyuka, kilibaki donge, na uchafu ukatiririka pembeni. Ni kanuni ileile: toa oksijeni kwanza, usiharakishe kuyeyusha.

Na kuna jambo limebadilika ambalo pande zote mbili zinalipita kama halipo. Makaa ya Mchuchuma si yale maalumu ya tanuru refu, lakini kwa pipa la kupashia yanafaa, na tanuru la umeme linataka umeme. Mwaka 2011 umeme huo ilibidi uzalishwe hapohapo. Leo bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 kwenye gridi. Kile kituo cha megawati 600, kilichofanya mradi uwe mkubwa na mgumu kukopewa, hakilazimiki tena kuwa moyo wa mradi. Ukikitoa unabaki na mgodi, pipa, tanuru na laini ya umeme. Bado ni fedha nyingi, ila si mlima uleule wa dola bilioni 3. Barabara nayo imeanza kuwa barabara: kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimemwagwa zege kwa ajili ya miteremko na mvua ya huko.

Ningekuwa na kura, ningeanza na tanuru la majaribio, dogo, la umma, na matokeo yake yakatundikwa hadharani kabla ya kuita mwekezaji. Wanaotaka kuchimba wataniambia nawachelewesha miaka miwili. Kweli, lakini imeshapita zaidi ya kumi bila tanuru wala mgodi. Wanaotaka kungoja wataona nawasukuma. Nao ni kweli. Kuna watu Ludewa waliothaminiwa mashamba yao kupisha mradi, wakaishi miaka bila kujua wapande mti au wasipande, hadi fidia ilipoanza kulipwa 2023. Kwao kungoja hakukuwa hekima wala subira, kulikuwa shamba lisilolimwa.

Mkataba ujao ukiletwa, mimi nitaufungua kwenye kiambatisho cha majaribio ya kuyeyusha kabla sijaangalia ukurasa wa hisa. Kiambatisho hicho kisipokuwepo, nitamwambia fundi aendelee kununua nondo kwa bei aliyoikuta.