Toa Hendbreki!

Haya, kwa kuwa swahibu yangu ameshaisambaza ile video ya kivuko cha Likoni kila grupu kuanzia Kisauni mpaka Ukunda, tena ameikata ianzie pale ninapokimbia na kanzu mkononi, na mimi naomba nafasi niseme. Chekeni, lakini mjue mnachokicheka.

Gari ni lilelile, Peugeot 504. Busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, ilikuwa imepasuka mpira wa ndani: ukikanyaga inazomea, na injini inatetemeka kwa hewa inayoivuta huko. Bei ya busta nyingine siitaji, mke wangu yumo humu. Nikaamua busta itoke, mguu ufanye kazi. Na msiniambie haiwezekani. Unaweka masta silinda (ile pampu inayosukuma oili ya breki) yenye pistoni nyembamba zaidi, ambayo kwa nguvu ileile ya mguu inatoa presha kubwa, kisha kwenye mkono wa pedali unatoboa tundu jingine juu, karibu na egemeo, ili mguu upate wenzo mrefu. Fundi akafanya yote hayo. Tukajaribu Tudor, gari likasimama vizuri, ila pedali ilishuka mbali kabla ya kushika. Fundi akasema ndivyo ilivyo, pistoni nyembamba lazima iende safari ndefu.

Mimi safari ndefu sikuitaka. Jioni, fundi hayupo, nikachukua spana nikarefusha kile kichuma kinachotoka kwenye pedali kwenda kusukuma pistoni. Pedali ikapanda, ikawa inashika hapohapo juu. Wallahi nilijiona mhandisi.

Jumamosi, harusi ya shemeji, Ukunda. Mnaouliza kwa nini sikupita Dongo Kundu, barabara isiyohitaji feri: nilitaka watu wa kivukoni waione 504. Wakaiona.

Foleni ya Likoni ilikuwa ya kutambaa. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, juani. Kumbe kichuma kikiwa kirefu, pistoni hairudi mpaka mwisho wake. Oili ya breki ikipata moto inavimba, inatafuta kile kitundu cha kurudia kwenye kikopo, inakikuta kimezibwa na pistoni. Breki zinaanza kujibana zenyewe. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilisikia harufu tu, nikalisingizia lori la mbele.

Feri ikagusa ng'ambo, bamba likashuka. Mbele yangu hakuna gari, Likoni yote iko wazi. Nyuma yangu matatu, nyuma ya matatu lori la maji. Natia gia ya kwanza. Naachia klachi taratibu. 504 inainua pua, inakalia matako yake, inabaki palepale. Injini ikazima. Honi moja. Nikawasha tena, mafuta zaidi, pua juu, kimya. Honi zote.

"Toa hendbreki!" akasema makanga wa matatu. Nimetoa. Dereva wa lori: "Wewe, toa hendbreki!" Nimetoa! Muuza korosho: "Kaka, hendbreki." Bi kizee mmoja mwenye kikapu akasimama dirishani, akaitazama kanzu yangu, akaitazama kofia, akasema kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, toa hendbreki." Nikaivuta nikaishusha mbele ya macho yake ashuhudie. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Vijana wakajipanga nyuma, wakasukuma. Wapi! Mimi nikashuka kuonekana nafanya kitu. Makanga akainama, akanusa gurudumu, akaniuliza chini chini, "Mzee, hii masta imefunguliwa juzi?" Hakungoja jibu. Boneti juu, spana, akalegeza nati mbili zinazoishika masta, isogee mbele kidogo, pistoni ipate kurudi.

Tss.

Breki zikaachia kwa mpigo mmoja. Na hakuna aliyewaambia vijana wa nyuma, ambao walikuwa wanasukuma kwa nguvu zote walizozaliwa nazo. Wao wakaanguka kifudifudi, gari likaondoka. Dereva niko nje. Ndani yumo swahibu peke yake, kiti cha abiria, simu mkononi, anarekodi. Nikakunja kanzu, nikalikimbiza, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Makanga naye anakimbia ubavuni na spana yake, na kwa mazoea tu akapiga kelele: "Hendbreki!"

Kwa mara ya kwanza siku ile, lilikuwa shauri la maana.

Swahibu, huku akisoma shahada (ongezeni sauti mtasikia), akaivuta. Gari likasimama katikati ya mpando.

Yaliyobaki si mengi. Makanga nilimtoa chai, tukakifupisha kichuma papohapo, sasa kina mchezo wa kama milimita moja na breki ziko sawa, nimeitembeza mpaka Diani. Kiatu kilirudi kisiwani na feri. Harusini niliingia na ndara za buluu nilizonunua Likoni kwa haraka, zote mbili za mguu wa kushoto.