Kabla hujamwita mzembe, iangalie na ofisi yenyewe

Kuna ubishi ambao hauishi popote penye ajira. Mabosi wanasema wafanyakazi wa siku hizi ni laini, presha kidogo tu mtu keshasema ana stresi, kazi hazitoki, watu wanategea. Wafanyakazi nao wanasema ofisi yenyewe ndo inawamaliza, unaingia asubuhi moyo unadunda kama unaenda kwenye kesi halafu unaulizwa mbona spidi imeshuka. Mimi nimekaa pande zote mbili, nimekuwa chini ya watu na nimesimamia watu, na naona upande wa pili hausikilizwi inavyotakiwa.

Ila nianze na haki ya mabosi, maana wana hoja na sio ndogo. Kazi isiyo na dedilaini huwa haiishi, hilo kila aliyewahi kufanya kazi analijua. Mteja hasubiri, mishahara inatakiwa mwisho wa mwezi hata kama mauzo yamelala, na yule meneja anayefoka mara nyingi na yeye katoka kufokewa huko juu. Halafu tusidanganyane, wapo waliogeuza neno stresi kuwa ngao, akiulizwa kazi iko wapi anataka aachwe kwanza apumue, na kazi yake inaangukia kwa wenzake ambao ndo wanakuja kupata stresi ya kweli. Kumtetea mfanyakazi huku ukijifanya hao hawapo ni kuongea nusu ya jambo.

Tatizo langu linaanzia kwenye ile imani kwamba mtu akibanwa na kutishwa ndo anatoa kitu. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, panya akikosea anapigwa shoti ya umeme. Tofauti ya visanduku ilipokuwa rahisi kuiona, shoti ikiongezwa panya anajifunza haraka zaidi. Walipoifanya tofauti iwe ngumu kuiona, shoti kali ikaanza kuwavuruga, wakawa wanachelewa kujifunza kuliko wale waliopigwa ya wastani. Watu wengi wanaibeba ile nusu ya kwanza tu. Sasa kazi nyingi za leo ni za aina gani? Kutafuta kosa kwenye mahesabu, kumtuliza mteja aliyekuja na hasira, kuandika ripoti inayoeleweka, kumhudumia mgonjwa. Hizo zote ziko kwenye ile nusu ya pili.

Na kwa binadamu imeonekana hivyohivyo. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Israel, timu 24 za madaktari na manesi wa watoto njiti zilipewa zoezi la kumwokoa mtoto ambaye hali yake inabadilika ghafla (mtoto mwenyewe wa kuigiza, ila kazi ni ileile). Timu zingine zikamsikia mtaalamu kutoka nje akiongea mambo ya kawaida, zingine zikamsikia akisema hajaridhishwa na kiwango cha udaktari wa nchi yao. Kauli za namna hiyo, basi. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyetishiwa kufukuzwa. Waliosikia dharau ile wakafanya vibaya zaidi, kuanzia kuutambua ugonjwa mpaka kazi ya mikono yenyewe, na kilichochangia ni kwamba walipungukiwa na kupeana taarifa na kuombana msaada. Hawa ni watu wenye elimu yao na uzoefu wao, wako mbele ya mtoto anayezidiwa, na kauli chache za dharau kutoka kwa mgeni ambaye hata sio bosi wao zimetosha kuwashusha. Naomba hapa tusipite haraka. Kama mgeni wa siku moja anaweza kufanya hivyo, huyo unayemkuta kila asubuhi, anayeandika tathmini yako, ambaye mkataba wako uko mkononi mwake, anafanya nini kwa mwaka mzima?

Niliwahi kukaa meza moja na jamaa wa mahesabu, mtu makini kwelikweli. Meneja wetu alikuwa na kawaida ya kutuma meseji kwenye grupu la kazi usiku, "Nani kafanya huu uchafu?", bila kutaja jina wala kusema uchafu upi, na sisi watu 14 kila mmoja huko aliko anaanza kujikagua. Jamaa akaanza kusoma barua pepe moja mara tano mara sita kabla ya kutuma. Nilikuwa namwona kwa macho yangu, kidole kiko kwenye kitufe, anakitoa, anarudi juu anaanza upya. Kazi ya nusu saa ikawa inamla asubuhi nzima. Kwenye tathmini ya mwaka akaandikiwa mzito na hajiamini. Siku moja kwenye kikao ikasomwa bajeti ambayo gharama moja imejumlishwa mara mbili, wengine wote hatukujua, yeye alijua, akakaa kimya. Tulipotoka akaniambia, nikamuuliza sasa mbona hukusema, akanijibu taratibu tu, "Nililiona tangu juzi, kaka. Ila nani aseme?" Nikanyamaza na mimi, kwa hofu ileile. Kosa likaja kugundulika baada ya wiki tatu, hela zimeshatoka.

Meneja siku ile aliona kikao kimetulia, watu wana nidhamu. Hicho ndo kinachonisumbua kuliko vyote, kwamba ofisi mbovu kwa anayeiongoza inaonekana nzuri, hamna anayebisha, hamna anayeleta habari mbaya. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alikutana na kitu cha namna hii kwenye hospitali miaka ya 1990, alitegemea kwamba timu zenye maelewano mazuri zitakuwa na makosa machache ya dawa, zikaonekana zina mengi. Alipochimba akaona maelezo ni kwamba huko watu hawaogopi kuyasema makosa. Kwa hiyo bosi anayeringia kimya cha ofisi yake anaweza kuwa anaringia makosa ambayo hajayasikia bado.

Halafu chukua barua ya onyo ya kawaida, anayoandikiwa mtu aliyeshuka kazini. Utakuta maneno kama hana ari, ana dharau na kazi, kiwango chake kimeshuka. Sasa ichukue na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa 2019, pale inapoeleza mtu kuungua na kazi, kwa Kiingereza burnout. Imeandikwa kwamba hali hiyo inatokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa ikaisha, na dalili zake ni tatu, kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako mpaka unaiona haina maana, na ufanisi kupungua. Ziweke hizo karatasi mbili pamoja uzisome. Barua inaorodhesha dalili halafu inaziita tabia. Na shirika lenyewe halikuuita ugonjwa, limesema ni jambo linalohusu ajira, yaani ukitafuta chanzo unaelekezwa kwenye kazi kwanza kabla hujaanza kuchunguza malezi ya mtu.

Kuna namba inayotajwa sana, kwamba dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara ya dola trilioni 1. Naiheshimu ila naona inatumika vibaya, maana sio sonona yote imeletwa na kazi, mtu anaweza kuwa na msiba, ndoa imevunjika, mtoto anaumwa, na bosi akikujibu hivyo yuko sahihi. Afadhali ile hesabu ambayo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa 2021, wao waliangalia saa za kazi moja kwa moja. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa moyo ambao mishipa yake imeziba asilimia 17. Vifo 745,000 kwa mwaka 2016 peke yake. Hapo huwezi tena kuniambia habari za watu laini, kiharusi hakijali wewe ni mvumilivu kiasi gani.

Ila hata saa sio zote. Huko Uingereza kuna uchunguzi mkubwa wa watumishi wa serikali ulioanza 1967, ambao matokeo yake yalikuja kuchambuliwa na mtafiti Michael Marmot na wenzake. Watu walizoea kuamini wakubwa ndo wanakufa kwa presha ya madaraka, ikaonekana kinyume, wanaume wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanakufa karibu mara 3 ya wale wa juu, na hata ukitoa sigara na mambo mengine ya namna hiyo pengo linabaki. Ukafuata uchunguzi wa pili kuanzia 1985, watu zaidi ya 10,000, na jambo moja lililojitokeza sana ni kukosa sauti juu ya kazi yako mwenyewe, yaani huamui unaanza na nini wala unaifanyaje. Hao walipata matatizo ya moyo zaidi. Kwa hiyo ule ubishi wa presha iwepo au isiwepo naona hautufikishi. Mkurugenzi ana presha nyingi tu lakini anaweza kusogeza kikao, kijana wa mapokezi hawezi kusogeza hata muda wa kwenda kula.

Najua bosi atauliza kuhusu gharama, na ofisi ndogo haina hela za mshauri nasaha. Lakini mengi hapa hayahitaji bajeti. Meseji ya usiku inaweza kusubiri asubuhi, kosa linaweza kusemwa chumbani badala ya mbele ya kikao, na mtu anaweza kuachiwa apange mwenyewe aanze na ipi. Huyo anayetegea kweli atajulikana tu, tena haraka, maana wenzake hawatakuwa na sababu ya kumficha. Ninachokataa ni kuwaletea watu semina ya kupambana na stresi mara moja kwa mwaka halafu Jumatatu wanarudi kwa mtu yuleyule, mambo yaleyale.

Jamaa wa mahesabu alikuja kuhamishiwa idara nyingine, mshahara uleule, kazi ileile, mkubwa tofauti. Kama miezi miwili baadaye nilipita mezani kwake, akaniambia subiri kidogo, akamalizia barua pepe aliyokuwa anaandika, akaisoma mara moja, akatuma, akanigeukia tukaendelea na stori.