Kiharusi Sandy Lake: ndege kwanza au kipimo cha presha?

Sandy Lake ni kijiji cha Waoji-Cree, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Ontario, Kanada. Barabara hakuna, ila ile ya barafu msimu wa baridi kali. Vinginevyo ni ndege. Miaka ya 1990 watafiti waliwapima wakazi na kukuta kiasi cha robo yao wana kisukari aina ya pili. Kisukari cha muda mrefu, kikiandamana na presha, huchakaza mishipa ya damu, na kiharusi hufuata. Ubishi ni fedha ziende wapi.

Wapo wanaosema tatizo ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Nayo haitolewi kabla ya CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka badala ya kuziba, dawa hiyohiyo inaweza kuua. Zahanati ya kijiji ina manesi, CT haina. Nesi apige simu, ndege ipatikane, hali ya hewa ikubali, ndipo mgonjwa afike Sioux Lookout au Thunder Bay, miji yenye hospitali na mashine hiyo. Daktari bingwa huweza kusoma picha kwa video akiwa mbali, lakini picha yenyewe ipigwe wapi? Ongezeni ndege na mashine, wanasema hawa.

Wengine wanajibu kwamba mtu aliyeamka alfajiri mkono umelegea, hajui dalili zilianza saa ngapi, ndege inaweza isimsaidie kitu. Angetibiwa presha na sukari miaka 10 nyuma. Nakubaliana nao zaidi, ila hoja yao ina mtego: kinga ikitajwa tu, lawama humwangukia mgonjwa, eti anakula ovyo, au ni damu yao. Ni kweli mwaka 1999 iliripotiwa jeni yenye kuongeza hatari ya kisukari Sandy Lake. Lakini jeni hiyo imerithiwa kwa mababu, na mababu hao, waliokula samaki na nyama ya porini, hawakuugua kisukari kwa wingi huu. Jeni hazibadiliki kwa vizazi viwili. Maisha ndiyo yamebadilika, na chakula cha dukani kinachokuja kwa ndege kina bei ya ndege.

Jingine hupitwa juujuu na pande zote mbili. Mwaka 2008 Brian Sinclair, mwenyeji asilia aliyekatwa miguu, alikaa saa 34 kwenye kiti cha magurudumu katika chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya mji wa Winnipeg, Kanada, akafa kwa maambukizi ya kibofu yanayotibika. Baadhi ya wafanyakazi walidhani amelewa. Huyu hakuhitaji ndege. Alikuwa ndani tayari. Sasa fikiria kiharusi: ulimi mzito, mwendo wa kupepesuka. Sukari ikishuka, hali ni hiyohiyo. Mwenyeji asilia mwenye kisukari ana njia mbili za kuonekana mlevi bila kuonja pombe, ilhali kutoboa kidole na kupima sukari hakuchukui hata dakika mbili.

Ndege wanazihitaji, silikatai hilo. Lakini mwaka 1988 wanaume 5 wa Sandy Lake waligoma kula hospitalini Sioux Lookout wakidai huduma bora, na baadaye ikaundwa mamlaka ya afya inayoongozwa na jamii zenyewe. Mamlaka hiyo ndiyo ningeipa fedha kwanza: vidonge visivyokatika katikati ya mwezi, na nesi anayekaa kijijini muda wa kutosha kuwajua wagonjwa wake.