Silensa ya Pili Haiondoi Mvumo Ndani ya Gari

Gari kuukuu likishika kasi ya 80 kwenye Thika Road jijini Nairobi, vioo vikiwa vimefungwa, mara nyingi huanza kuvuma. Si kelele kali. Ni sauti nzito inayobana masikio na kuwachosha abiria kabla hawajafika Juja. Mwenye gari huenda kwa mafundi wa Kirinyaga Road, akaambiwa aongeze silensa, akalipa, kisha akarudi barabarani na kukuta mvumo uko palepale. Nasema wazi: kuongeza silensa bila kupima chochote ni kutupa pesa, na fundi anayekata bomba kabla ya kuliendesha gari hafai kupewa kazi hiyo.

Silensa nyingi za kununua ni za kupitiliza: bomba lenye matundu, limezungushiwa sufu ya kioo, likafunikwa kwa bati. Sufu hiyo humeza vizuri sauti za juu, zile za kukwaruza na kupasuka. Mvumo wa ndani ya gari kwa kawaida huwa kati ya Hz 60 na 120, yaani mitetemo 60 hadi 120 kwa sekunde. Kwenye moshi wenye joto wa gari, wimbi la Hz 80 lina urefu wa mita 5 na zaidi, na sufu yenye unene wa sentimita chache hailizuii. Tena, sauti za juu zikishaondolewa, mvumo unasikika zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana wateja wengine hurudi wakilalamika kwamba gari limeharibiwa, na wana haki.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni kitu kilichotolewa. Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na vyumba viwili kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi: silensa ya nyuma, na rezoneta, chumba cha kupunguza mvumo, katikati. Rezoneta ikioza, inakatwa na kuwekwa bomba tupu kwa sababu ni rahisi na "gari litapumua". Gari la mtu wa kawaida halipati nguvu yoyote ya maana kutokana na hilo. Linapata mvumo.

Kabla ya kugusa msumeno, hakikisha kwamba kinachovuma ni ekzosi. Endesha kwa gia ya tatu hadi mvumo utokee, usome RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), kisha urudie kwa gia ya nne. Ukitokea kwenye mizunguko ileile, chanzo ni injini au ekzosi. Ukifuata mwendo wa gari badala ya mizunguko, kagua beringi za magurudumu, tairi na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Halafu ingia chini ya gari. Raba za kuning'inizia ekzosi zikikatika, bomba hugusa bodi na bodi nzima ikawa spika. Mauntingi za injini, yaani vishikizo vyake vya raba, zikifa hufanya vivyo hivyo. Injini ikiwa baridi, iwashe, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe usikilize viungo: penye mvujo patalia kama nyoka. Povu la sabuni litakuonyesha hata tundu dogo. Tengeneza haya kwanza. Magari mengine hutulia hapo hapo, kwa gharama ya raba mbili na gasketi moja.

Mvumo ukibaki, sasa piga hesabu. Injini ya silinda nne huwasha mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo gawa RPM kwa 30 upate Hz. Mvumo wa RPM 2,400 ni Hz 80. Kwa silinda sita gawa kwa 20. Subaru za zamani zenye manifoldi (mabomba ya kwanza yanayotoa moshi kwenye injini) ya mikono isiyolingana zina mngurumo wake, hivyo hesabu hii pekee haitoshi. Tumia programu ya simu inayochora masafa ya sauti kwa Hz, abiria aishike kiti cha nyuma, uone kilele kiko wapi.

Dawa ya mvumo wa masafa mamoja ni tawi la bomba lililozibwa mwisho. Wimbi huingia, hugonga kifuniko, na kurudi kwenye bomba kuu likiwa kinyume na lile linalokuja, yakauana. Urefu wa tawi ni robo ya wimbi. Moshi ukiwa na joto la nyuzi 200 za Selsiasi hivi, gawa 109 kwa Hz upate urefu kwa mita: 109 kwa 80 ni mita 1.36. Lakini ndani ya tawi moshi hautembei, hivyo hupoa, na urefu unaofaa huwa mfupi kidogo. Kata mita 1.40 kisha upunguze. Kwa mfano huu, kila sentimita 3 unazotoa zinapandisha RPM ambayo tawi linailenga kwa takriban mizunguko 50.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anachomelea kifuniko siku ya kwanza. Usikubali. Mwisho wa tawi uwe kipande kinachoteleza juu ya kingine, kibanwe kwa klampu na gundi ya ekzosi. Endesha dakika 20 hadi mfumo upate joto kamili, kwenye barabara ya mwendo thabiti kama Southern Bypass. Foleni ya Jogoo Road haitakuambia kitu, wala kupiga resi gari likiwa limesimama nje ya gereji, kwa maana injini haina mzigo. Ukipata urefu, ndipo uchomelee bamba la milimita 3. Bati jembamba litatetemeka, na tundu la sindano linatosha kuharibu kazi yote.

Kipenyo cha tawi kiwe sawa na cha bomba kuu. Tawi likiwa jembamba, nguvu yake hupungua sana. Usiliweke karibu na mdomo wa nyuma, kwa kuwa pale shinikizo la mawimbi huwa karibu sifuri na tawi halina cha kuua. Lipeleke mbele, ikiwezekana umbali unaokaribia urefu wa tawi lenyewe. Linaweza kupindwa liende sambamba na bomba kuu, mradi lisining'inie chini yake, maana matuta yetu hayana huruma. Lielekee juu kidogo ili maji yarudi kwenye bomba kuu. Tawi la inchi 2 lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 2.5, basi lipe raba yake.

Kataa bomba la maji lililopakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi wenye sumu kwa fundi. Chuma kilichopakwa alumini kinafaa zaidi, na sehemu zilizochomelewa zipakwe rangi ya kustahimili joto, kwani paliposhika moto ndipo pa kwanza kuoza. Waya hasi wa betri utolewe kabla ya kuchomelea, na cheche zisikaribie tangi wala mabomba ya breki.

Rezoneta ya katikati irudishwe pia kama ilitolewa. Na mdomo wa ekzosi utokeze nje ya bampa. Ukiishia chini ya sakafu, hasa kwenye gari lisilo na buti iliyotengwa kama Toyota Probox, mvumo unagonga sakafu moja kwa moja, na kaboni monoksidi inaweza kuingia walipo abiria bila harufu ya kuwaonya. Kwa hilo pekee, bomba fupi lirefushwe leo, hata kama tawi litasubiri mwisho wa mwezi.