Mtoto Kaja, Jina Hana

Jamani, mtoto kafika salama, ana mapafu ya kutosha kuamsha mtaa, ila jina hana. Kwenye kadi wameandika "Mtoto wa", halafu jina la mama yake. Mimi sijatajwa popote, kama vile nilipita tu njia nikaombwa nibebe mizigo.

Si kwamba hatukujiandaa. Tangu tumbo likiwa dogo mke wangu alishasema anataka jina lenye maana nzuri. Sawa. Tatizo, ukianza kuchokonoa maana za majina, utatamani watu wangeitwa kwa namba. Alipenda Claudia kama akija wa kike. Nikatafuta: Kilatini, asili yake ni kiwete. Akahamia Cecilia. Nikatafuta tena, nikasoma kwa sauti mbele ya watu, nikifurahia elimu yangu: linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kipofu. Sebule ikapoa. Mke wangu akaninong'oneza, "Hilo ni jina la ubatizo la mama." Mama mkwe alikuwa kakaa hapa, mimi kule.

Kwa wa kiume akataka Cameron. Huyo anatoka kwa Wagaeli wa Uskochi, maana yake pua iliyopinda. Nikakataa kabisa. Pua ya ukoo wetu haihitaji kutangazwa.

Halafu shemeji, mtu wa kisasa, akaja na orodha ya majina mapya: Ian, Sean, Evan, Ivan. Bwana we, yote hayo ni Yohana! Kapita Uskochi, Ireland, Wales na Urusi, kila mpaka anapewa tahajia mpya. Ukimtaka Yohana si umwite Yohana? Shemeji akasema Yohana limechoka.

Majina yetu wenyewe nayo yana visa vyake. Subira ninayemfahamu mimi hajawahi kupanga foleni mpaka mwisho. Bahati anaibiwa simu kila akinunua. Ila Shida, huyo aliyezaliwa wakati wazazi hawana mbele wala nyuma, ndiye anayetukopesha sote. Kwa hiyo nikashauri tumwite Mashaka, tuone. Nilitazamwa jicho ambalo sitalisahau.

Iceland wana kamati rasmi ya majina tangu 1991. Jina geni lazima lipite kwao kwanza. Watu wanawaonea huruma. Mimi nawaonea wivu, maana yao ina kanuni! Yangu ina shangazi watatu, shemeji na mama mkwe, na kila mmoja ana kura ya turufu.

Wayoruba hata mapacha hawawasumbui: anayetangulia ni Taiwo, anayefuata ni Kehinde. Tena wanasema Kehinde ndiye mkubwa, kwamba alimtuma mwenzake atangulie aonje dunia kama inakalika. Hapo wenye akili wamemaliza kazi, ugomvi wamewaachia watoto.

Lakini walionikuna kabisa ni Waakan wa Ghana. Kwao siku ndiyo inayotoa jina. Kofi ni wa Ijumaa, Kwame ni wa Jumamosi. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, 8 Aprili 1938, pamoja na pacha wake wa kike, basi likaisha. Hakuna kikao, hakuna anayenuna. Mbona hata sisi tuna akina Juma na Khamisi? Nikasimama katikati ya sebule nikatangaza: mtoto amechagua mwenyewe, tukubali. Kimya. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyepinga. Mke wangu akauliza, kwa upole kabisa, "Alizaliwa Jumatano. Wa Jumatano anaitwaje?"

"Kwaku," nikasema, kifua mbele.

"Nani?" mama mkwe akauliza.

"Kwaku, mama."

"Kuku?"

Kabla sijajibu, shemeji, ambaye simu haimtoki mkononi, akadakia kwamba kwenye hadithi za Waakan yupo Kwaku maarufu sana: Kwaku Ananse, yule buibui laghai anayewatapeli wanyama wote.

Mama mkwe akamfunika mjukuu wake vizuri, akamnyanyua. "Baba," akaniambia, "mkishakubaliana kama ni kuku au ni buibui, mtatukuta chumbani."