Usinipe onyesho tupu, nipe na picha zenyewe

Mama yetu alifariki Juni 2019. Siku ya pili ya msiba kaka yangu alinituma mjini nikakuze picha moja. Sote tuliijua. Ilipigwa siku ya harusi ya kaka, mwaka 2012, katika ukumbi mmoja huku Kirumba, Mwanza: mama kavaa gauni la rangi ya dhahabu, kilemba kimeanza kulegea, anacheka mpaka macho yamebaki mstari. Mama hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Picha zake nyingine zote kakaza uso, mikono kaishusha, kama anayesubiri kuitwa ofisini. Ndiyo maana tuliitaka hiyo, ikae kando ya jeneza na baadaye ipande ukutani.

DVD tulikuwa nayo. Studio iliyopiga harusi ilitupa diski mbili kwenye kasha zuri lenye sura za maharusi, na kwa miaka saba tuliiweka kwenye deki kila Krismasi. Picha zinakuja, zinayeyuka, moja inasogea taratibu, nyingine inafunuka kama ukurasa, na kwaya inaimba chini yake. Tuliamini picha zimo humo. Fundi wa kuprinti karibu na Makoroboi aliisimamisha ile ya mama kwenye kompyuta yake, akaikata, akaikuza, kisha akanigeuzia kioo. Jicho la mama lilikuwa viraba vitano vya kahawia.

"Kaka, pole sana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hii nikiikuza hutamtambua. Huna ile yenyewe iliyotoka kwenye kamera?"

Sikuwa nayo. Studio nao hawakuwa nayo. Kompyuta yao ya wakati ule ilishaharibika na vitu vilivyokuwemo vikaenda nayo. Siwataji, kwa sababu walichotufanyia ndicho wanachofanyiwa watu wengi mpaka leo, na wanaofanya hivyo wala hawana nia mbaya. Mama tulimzika na picha ya kitambulisho.

Tangu hapo najitengenezea mwenyewe diski za picha za familia, na nina neno moja tu la kuwaambia wanaotengeneza kazi hii na wanaoilipia: onyesho la picha si hifadhi ya picha. Ukichoma diski ya maonyesho, weka na picha asilia humohumo. Asiyefanya hivyo amempa mteja nusu ya mali yake.

Sababu iko ndani ya DVD yenyewe. Diski ya video inayochezwa kwenye deki, kwa mfumo wa TV wa PAL tunaoutumia huku kwetu, inaonyesha fremu ya pikseli, yaani vile viraba vidogo vinavyounda picha, 720 kwa 576. Zidisha: ni pikseli 414,720 basi. Picha ya simu ya kawaida ya leo ina milioni 12. Programu inapotengeneza onyesho, inachukua ile picha kubwa na kuibana iingie kwenye kidirisha hicho kidogo, halafu inaigeuza kuwa video ya MPEG-2. Kilichobaki kinatosha kabisa kutazamwa kwenye TV, lakini hakirudi tena kuwa picha. Picha ya mama ilikuwa ya kusimama, kwa hiyo pembeni pakawekwa weusi kushoto na kulia, na yeye mwenyewe akabakiwa na upana wa pikseli 360 hivi. Mwili mzima, gauni, kilemba na kicheko, vyote katika 360. Jicho lingepata nini?

Kinachoniuma ni kwamba nafasi ilikuwepo. Diski ya DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Onyesho la dakika 20, hata ukilipa ubora wa juu, linakula kama gigabaiti 1.2. Nafasi inayobaki inameza picha asilia zaidi ya 800 za megabaiti nne nne. Deki haisumbuki nazo. Inalitafuta folda la VIDEO_TS, inacheza kilichomo, mengine inayapita. Ukiiweka diski hiyohiyo kwenye kompyuta unalikuta folda la pili limekaa pembeni, nami naliita PICHA. Gharama ya kuliongeza ni sifuri. Ni dakika chache tu za kusubiri diski iungue.

Kuna kosa lingine linalofanana na hilo, nalo limewapoteza wengi. Mtu anatengeneza onyesho, anahifadhi faili la mradi, anajiona amemaliza. Faili la mradi la Movie Maker, programu ya kuunga video, kwa mfano, halibebi picha hata moja. Linabeba maelekezo: chukua picha fulani kwenye folda fulani, iweke sekunde sita, kisha leta inayofuata. Hamisha folda, au futa picha kupunguza mzigo, ukifungua mradi unakuta alama za X mahali pa watu. Na programu zenyewe haziishi milele. Windows DVD Maker ilikuja na Windows Vista, ikawemo kwenye Windows 7, Windows 8 ilipotoka haikuwemo tena. Photodex, waliotengeneza ProShow iliyopendwa sana na wapiga picha, walifunga kampuni Januari 2020. Picha ya JPEG uliyoitunza pembeni haimtegemei yeyote kati ya hao.

Najua swali linalokuja: nani bado anatumia diski? Laptopu mpya hazina hata mlango wake, na mpwa wangu aliiona DVD akauliza kama ni kioo. Nami nina flashi, nina diski kuu ya nje, na picha nazipandisha mtandaoni pia. Lakini bibi yetu yuko Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, ana TV ya chogo na deki anayoijua vitufe vyake kwa kuvipapasa. Hana bando. Flashi niliyowahi kumpelekea ilikaa wiki mbili, vijana wakaiazima wakajaza muziki, picha zikafutwa kupata nafasi. Walikuwa hawajui tu. DVD-R ikishachomwa na kufungwa haiandikiwi tena juu. Kwa nyumba yenye wajukuu wengi, hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo kila mwaka namchomea. Natumia DVDStyler kupanga onyesho na menyu, na ImgBurn kuchoma. Zote mbili ni za bure. Siku ya kwanza kabisa nilichoma faili la video kama data, nikavuka nalo maji mpaka kisiwani, deki ikalikataa mbele ya watu kumi na watano waliokwisha kukaa mkekani. Ndiyo nilivyojua tofauti ya diski ya data na diski ya video. Sasa sitoki Mwanza kabla sijaijaribu kwenye deki ya jirani. Nachoma kwa kasi ndogo, mara 4, robo saa hivi kwa diski iliyojaa, na nachomea kwenye laptopu iliyojaa chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kazi DVD-R hiyo ni ya kutupa. Majina nayaandika mbali na kingo za picha, kwa sababu TV ya chogo inakula pembe zote nne. Mwaka mmoja ilikula herufi za mwanzo za ukoo mzima. Na juu ya diski naandika kwa kalamu ya wino laini. Kalamu ya bei ya shilingi mia tano inakwaruza.

Kazi kubwa lakini si kuchoma. Ni kuchagua. Binamu zangu nikiwaomba picha wananimiminia zote walizonazo, na WhatsApp inazibana njiani, kwa hiyo zinanifikia zikiwa zimeshapungua. Siku hizi nawaambia wazitume kama dokumenti, zije nzima. Kutoka mia tisa nabaki na mia na themanini. Kwa sekunde sita kila moja hizo ni dakika kumi na nane, na dakika kumi na nane ndizo nilizoziona mzee anazivumilia kabla hajaanza kuuliza habari za dagaa. Anayeweka picha mia sita na madoido ya kuzungusha kila moja anawachosha watu, na wakichoka hawamwoni aliyemo kwenye picha.

Muziki niliuacha. Agosti mwaka juzi nilikwenda Ukerewe na laptopu, nikakaa na bibi nje, kwenye kivuli cha mwembe, nikamwonyesha picha moja moja huku simu inarekodi. Nilitaka majina tu, niyaandike chini. Nilipoisikiliza sauti ile usiku niliona huo ndio muziki wa onyesho.

"Huyu mdogo wake babu yako, yule wa mitumbwi. Huyu mkewe. Huyu... alikuwa jirani, lakini alitulisha mwaka wa njaa, mume wangu, kwa hiyo muandike." Mume wangu ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. Kuku wanasikika, upepo wa ziwa unapiga kwenye simu, mtu anapita anasema shikamoo na bibi anaitikia marahaba bila kukata habari. Vyote nimeviacha. Badala ya sekunde sita sita, kila picha inakaa kadiri bibi anavyoizungumzia.

Mojawapo ilikuwa ya karatasi, ndogo kama kadi ya simu, nyeusi na nyeupe, imekunjika katikati. Niliikuta kwenye Biblia ya babu nikaipitisha kwenye skana ya kazini kwa ukubwa wa juu kabisa. Vijana wanne wamesimama mwaloni, ufukoni pa wavuvi, nyuma yao nyavu zimeanikwa. Watatu tuliwajua. Nilipoifikia, bibi alinyamaza. Kwenye rekodi ni sekunde 23, nimezihesabu. Kisha akasema, "Wa kushoto ni wa kwanza wangu. Hukumkuta." Akanyamaza tena, halafu, "Haya, weka nyingine."

Baba hakuwahi kutuambia alikuwa na kaka.

Katika onyesho picha hiyo inakaa sekunde 41, na imetulia tuli. Sikuisogeza wala kuikuza. Kwenye folda la PICHA ipo nzima, na faili lake nililipa jina lake kama bibi alivyolitamka. Nilichoma nakala tano: ya bibi, ya kaka, ya mashangazi wawili Sengerema na Magu, na yangu.

Mwezi uliopita shangazi wa Magu alikuja mjini na diski yake ameifunga kwenye kanga. Alitaka ile ya mwaloni ikuzwe, amtundike kaka yake sebuleni. Nilimpeleka kwa fundi yuleyule wa Makoroboi. Akaitia diski, akalifungua folda, akaikata sehemu ya kushoto, akaikuza, akatugeuzia kioo. Kifungo cha pili cha shati la baba mkubwa kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Shangazi aliinama akakitazama kwa muda mrefu, mkono mdomoni, kisha akauliza fremu za mbao zinauzwa duka gani.