Fomu Kurasa Nne, Majibu Hakuna

Shangazi yangu anaishi na sukari mwaka wa kumi na tatu sasa. Kila baada ya miezi mitatu namsindikiza kliniki, kwenye hospitali moja kubwa ya kufundishia hapa Dar es Salaam. Ukifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakuta benchi limeshajaa. Ukifika saa mbili, jiandae kutoka na adhana ya alasiri.

Miaka sita iliyopita, tukiwa kwenye benchi hilo, alitujia kijana aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega, mkononi ana ubao wa kuandikia na kalamu mbili.

"Shikamoo mama. Tunafanya utafiti kwa wagonjwa wa sukari. Ukiridhia, nitakuuliza maswali, halafu tutachukua damu kidogo tu, kama vijiko viwili."

"Marahaba. Vya chai au vya uji?"

Kijana akacheka, akasema vya chai. Akatoa fomu ya ridhaa, kurasa nne. Kiswahili chake kilikuwa kile cha ofisini: ushiriki wako ni wa hiari, unaweza kujitoa wakati wowote bila kuathiri huduma unazostahili, taarifa zako zitahifadhiwa kwa usiri. Shangazi alisoma yote, kidole kikifuata mstari, na watu wawili waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakatupita. Kisha akasaini kwa ule mwandiko wa shule za zamani, herufi zote zimelala upande mmoja. Akapewa nakala yake na shilingi elfu kumi ya nauli. Kijana alipoinuka, shangazi akamshika koti.

"Na majibu mtaniletea?"

"Ndiyo mama, utafiti ukikamilika."

Nakala ile ipo hadi leo. Anaihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, kitambulisho cha bima na picha ya marehemu mume wake. Majibu hayajaja.

Nilipolisimulia hili kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, binamu yangu mmoja alijibu kwa mstari mmoja: "Mlikubali wenyewe kufanywa panya wa majaribio." Wakamiminika wa kumuunga mkono. Siwashangai. Pwani hofu hii ina jina ambalo limeanza zamani kabla ya kijana wa koti jeupe kuzaliwa: mumiani. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tusizurure magharibi, mumiani anapita na gari lake, anakamata watu awatoe damu ikatengenezewe dawa. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wana kituo chao cha utafiti tangu 1989, minong'ono ya waabudu shetani na damu za watoto iliwafuata watafiti kwa miaka. Kuna wasomi wanaosikia haya na kutikisa kichwa: ujinga huo. Mimi naona mtu anayekuchukulia damu, akaahidi kurudi, asirudi, amekuachia pengo, na pengo hilo utalijaza kwa ulicho nacho kichwani.

Lakini kwenye suala la panya, binamu yangu amekosea, na nitasema kwa nini, maana na mimi nilikuwa upande wake mpaka nilipokutana na habari za dripu.

Chukua mtoto mwenye homa kali, wa malaria au maambukizi mengine, ambaye damu imeanza kushindwa kuzunguka. Mikono na miguu ni ya baridi ilhali kifua kinawaka. Moyo unakwenda mbio. Ukimbonyeza ukucha unakuwa mweupe, na ile rangi haifanyi haraka kurudi. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka, kwa kipimo cha uzito wake, ndani ya saa moja. Ndivyo walivyofanya kwenye hospitali za nchi tajiri. Huku kwetu hospitali nyingi hazikuwa zikifanya hivyo sana, na waliotutakia mema walitaka tuanze.

Kabla ya kuanza, watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, wakaamua kuuliza kwanza. Utafiti wao uliitwa FEAST. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Teule ya Muheza hapa kwetu Tanga, na nne za Uganda, yaani Mbale, Soroti, Lacor na Mulago, hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mtoto akifika, bahasha iliyofungwa inafunguliwa kwa zamu ya namba, ndani imeandikwa atapewa nini. Mmoja anapata maji ya chumvi kwa haraka, mwingine maji ya albumini, yaani protini ya damu, kwa haraka, wa tatu hapewi maji ya haraka kabisa, ila dripu ya taratibu. Dawa nyingine, za malaria, za bakteria, na damu kwa anayehitaji, wote walipata.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama aliyeketi pembeni ya kitanda. Dripu ya mtoto wa jirani inamiminika, ya mwanao inadondoka tone, tone, tone. Sisi ni watu ambao mgonjwa akitoka hospitali bila kutundikiwa dripu tunauliza kama kweli ametibiwa. Ningekuwa mimi ningemwita nesi aifungulie.

Walikusudia kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru inayofuatilia usalama ilipendekeza uandikishaji usimame, watoto wakiwa wameshafika 3,141 katika sehemu kuu ya utafiti. Waliomiminiwa maji ya chumvi, 10.5 kati ya kila mia walikuwa wamekufa ndani ya saa 48. Wa albumini, 10.6. Wale wa tone tone, 7.3.

Maana yake, kwa kila watoto mia waliopewa maji ya haraka, kama watatu zaidi walikufa. Matokeo yakachapishwa mwaka huohuo katika New England Journal of Medicine na madaktari wakabishana dunia nzima, kwa sababu wengi walitarajia kinyume chake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto, lilielekeza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri asimiminiwe maji ya haraka. (Wasiohusika kwenye utafiti ule ni watoto wa kuharisha. Mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuharisha anahitaji maji, tena upesi. Msije mkaninukuu vibaya.)

Kilichonishika hapa ni hii hesabu ya watatu kwa mia. Hakuna daktari duniani, awe hodari namna gani, anayeweza kuiona kwa macho. Kwenye wodi ya watoto wenye homa kali vifo vipo, dripu ya haraka iwepo isiwepo. Daktari aliyempoteza mtoto atasema alichelewa kuletwa. Aliyemponya mtoto atasema dripu ilimsaidia. Anaweza kufanya kazi miaka thelathini kwa moyo mweupe, akastaafu na kuagwa kwa keki, bila kujua. Panya binamu yangu anaowasema walikuwepo kabla ya utafiti: kila mtoto aliyepewa tiba ambayo hakuna aliyewahi kuipima vya kutosha hapa kwetu alikuwa kwenye jaribio, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa akiandika.

Na ukitazama vizuri, aliyepandishwa kwenye mizani kule Muheza na Mulago alikuwa daktari na kile alichofundishwa chuoni. Wagonjwa ndio waliokuwa mawe ya kupimia.

Madaktari wenyewe hupimwa pia waziwazi, ingawa hawapendi kulisimulia. Kuna utafiti wa mkoani Arusha wa Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, uliochapishwa 2006, ambao kila nikiukumbuka nacheka peke yangu. Walikuwa wanataka kujua daktari anafanya nini hasa akiwa na mgonjwa. Wakawauliza wagonjwa wanapotoka: alikuuliza umeumwa tangu lini? Alikugusa? Alikueleza ugonjwa wako? Kisha mtafiti akaingia chumbani, akakaa pembeni akitazama. Daktari yuleyule, saa ileile, akabadilika: maswali yakaongezeka, uchunguzi ukawa wa makini. Basi wagonjwa wakaendelea kuingia, wa kwanza, wa tano, wa nane, na kufikia kati ya wa kumi na wa kumi na tano daktari alishamzoea mgeni wake na kurudi kwenye utaratibu wake wa kila siku.

Nani hajawahi kufagia uwanja kwa sababu mgeni anakuja? Ila jambo moja hapo halipaswi kutupita. Bila wale waliokuwa wakitoka mlangoni na karatasi ya dawa mkononi, hakuna ambaye angejua daktari alikuwaje kabla ya mgeni kuingia. Ushahidi ulitoka kwenye benchi, kwa watu kama shangazi.

Nikiwa bado kwenye hospitali za kufundishia, kuna kichekesho kingine. Kwa maswali ya dakika kumi na vijiko viwili vya damu, shangazi alipewa kurasa nne na mhuri wa kamati ya maadili. Lakini mwaka uliofuata alipolazwa wiki moja, raundi ya asubuhi ilikuja na profesa na wanafunzi wasiopungua kumi, kila mmoja akapitisha mkono wake tumboni mwake kutafuta ini. Mikono baridi, ananiambia. Hakuna aliyemwomba. Wa saba au wa nane alisema "samahani mama" na shangazi mpaka leo anamwombea dua. Nafahamu kwamba daktari hafundishwi kwa picha, na ini la shangazi limesomesha taifa. Nauliza tu hiyo adabu ya kwenye fomu hukaa wapi wakati wa raundi.

Turudi kwenye majibu. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, katika toleo la 2013 linasema wanaoshiriki utafiti wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake kwa ujumla. Kwa hiyo shangazi hakuomba hisani siku ile aliyoshika koti.

Nimewahi kuwauliza marafiki wanaofanya kazi hizi. Wanasema uchambuzi huchukua miaka. Wanasema fedha za mfadhili huisha siku ya kuchapisha. Wanasema wagonjwa huhama, hubadilisha namba, wengine hufariki. Haya yote ni kweli na sitawabishia. Ila nakumbuka kijana yule aliandika namba mbili, ya shangazi na yangu kama ndugu wa karibu, na mwezi wa sita walipotaka damu ya mara ya pili nilipigiwa simu tatu kwa siku moja, na ya mwisho nilikuwa msikitini.

Tena hakuna anayeomba semina hotelini. Kila asubuhi ya kliniki, kabla daktari hajafika, kuna nesi anasimama mbele ya benchi kutoa elimu ya afya: vaeni viatu vya kufunika, punguzeni wali, msiruke dawa. Dakika kumi na tano kila siku, maneno yaleyale, na wazee wanayajua kwa moyo kama wimbo wa taifa. Siku moja katika mwaka nesi huyo angepewa ukurasa mmoja wa kusoma: mwaka fulani tuliwachukua damu watu kadhaa wa kliniki hii, tulitaka kujua hiki, tumeona hiki, na hiki hatukukipata. Halafu ukurasa ubandikwe pale ukutani kwenye tangazo la zamani la kifua kikuu ambalo limeshafifia hadi mtu kwenye picha hana uso. Hata kama matokeo ni kwamba hawakuona kitu. Shangazi ni mtu wa kuelewa, ameshafungua mikebe mingi ya bati akakuta haina kitu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye benchi tena. Akaja msichana safari hii, mpole, koti linamkaa sawasawa, na badala ya ubao ana tableti. Shikamoo, marahaba, utafiti, wagonjwa wa sukari, damu kidogo. Shangazi akafungua mfuko wake wa plastiki, akachambua kadi na picha, akatoa nakala ya miaka sita, imechakaa kwenye mikunjo, akamkabidhi.

"Mwanangu, haya ya kwanza yalisemaje?"

Msichana aliisoma mbele na nyuma. Akasema hao walikuwa watu wengine, wa mradi mwingine, yeye hawajui.

"Basi kaulize. Mimi nipo hapahapa mpaka alasiri."

Akarudishiwa karatasi yake. Nilikuwa nimekaa upande wa kulia, nikaona kioo cha tableti msichana alipokuwa akiinuka. Palikuwa na vitufe viwili, amekubali na amekataa. Akabonyeza cha pili, akahamia kwa mzee aliyefuata.